Bendi ya rock Dar: kuanza, kuvunjika na kurudiana (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Nimepiga gitaa la rithim hapa Dar tangu nikiwa kidato cha tatu. Bendi yetu ilizaliwa Sinza, ikafia Mbezi, ikafufukia msibani Temeke. Jina lake silitaji, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema yana wenyewe, na wenyewe wanasoma. Kila nikishuka jukwaani kuna kijana ananishika mkono na kuniuliza yale yale, na mimi saa hiyo huwa nina njaa. Ndiyo maana nimeyaandika.

Mifano mingi humu ni ya dansi, si ya rock. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Wazee wa dansi wameunda bendi, wakazivunja na kurudiana kabla babu zetu hawajaoa, na mpiga rock anayewadharau anajinyima shule ya bure.

Shikamoo kaka. Hivi kweli Dar kuna rock, au tunajilazimisha mambo ya watu?

Marahaba. Ilikuwepo kabla hujazaliwa. Miaka ya 1960 na 1970 mji huu ulikuwa na bendi za vijana zilizopiga soul na rock: The Sparks, The Tonics, The Rifters, Barkeys ambao baadaye wakawa Tanzanites. Soul ilipendwa kiasi kwamba mwaka 1969 uongozi wa mkoa uliipiga marufuku. Huwezi kupiga marufuku kitu ambacho hakipo.

Lakini kama unataka jina moja la kuwanyamazisha wanaokucheka, wape Sunburst. Bendi hiyo iliundwa hapa Dar mwaka 1970, ikiwa na wanamuziki waliotoka nchi tofauti. Gitaa lao lilikuwa la kukwaruza kweli kweli, na bado unasikia ngoma ya kwetu chini yake. Wakaenda Zambia, wakarekodi santuri ndefu iliyoitwa Ave Africa mwaka 1976, na haikupita muda mrefu kundi likasambaratika. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Strut ikazikusanya kazi zao na kuzitoa upya, na vijana wa Ulaya wakawa wanazitafuta kuliko sisi.

Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, simtaji kama ushahidi. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, ni kweli, ila bendi yake iliundwa London.

Tunahitaji watu wangapi?

Wanne wanatosha: dramu, besi, gitaa, mwimbaji. Mwimbaji akipiga gitaa, watatu. Zaidi ya sita mtashindwa kuenea kwenye gari moja, na usafiri wa usiku Dar ni gharama kuliko nyuzi.

Wenzangu nitawapata wapi?

Kanisani. Sitanii. Nusu ya wapiga dramu na wapiga besi wazuri wa mji huu wamefundwa kwenye kwaya na vikundi vya sifa, wana nidhamu ya muda, na wamezoea kupiga mbele ya watu kila Jumapili. Shida yake ni kwamba Jumamosi usiku wanaondoka mapema, na wengine wazazi wao hawatataka kusikia neno rock. Nenda ukaongee na mzazi mwenyewe, uvae vizuri.

Wengine wako Chuo Kikuu Mlimani, wengine wamepitia TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wengine utakutana nao Nafasi Art Space kule Mikocheni au kwenye maonyesho ya Alliance Française. Usimchukue mtu kwa sababu ana gitaa zuri. Mchukue anayefika mazoezini saa mliyokubaliana. Wa kwanza nimeshafanya naye kazi.

Vyombo tupate wapi?

Hapa kaa kitako, maana ndipo bendi nyingi za Dar zinapozaliwa na ndipo zinapofia.

Kwa muda mrefu mwanamuziki wa mji huu hakuwa na vyombo. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964, ambayo iliitwa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi yao, JKT na yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki na chake, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, Umoja wa Vijana wakawa na Vijana Jazz. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo hiyo tunayoiita Sikinde. Utamu wa mpango huo ni mshahara. Uchungu wake ni kwamba ukiondoka, unaondoka na koo lako na vidole vyako tu.

Na mwenye vyombo akikuchoka, hakufukuzi wewe peke yako, anaweza kubadilisha bendi nzima. Orchestra Safari Sound ilikuwa ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Mwaka 1985 aliachana na kundi la akina Ndala Kasheba lililokuwa likipiga mtindo wa Masantula, akawachota kina Muhidin Maalim Gurumo na Abel Balthazar kutoka Mlimani Park, wakaja na mtindo mpya wa Ndekule. Vyombo ni vilevile, jina ni lilelile, watu wengine kabisa.

Sisi tulianza mwaka 2003 kwa vyombo vya mwenye baa. Dramu, amplifaya mbili, spika, mitambo, vyote vyake. Makubaliano yalikuwa tupige kila Ijumaa, naye atuachie chumba cha nyuma kwa mazoezi. Miaka miwili tukawa wafalme. Siku tuliyopata shoo Oysterbay ikagongana na Ijumaa yake, tukakuta stoo imefungwa kwa kufuli jipya. Hakutukana, hakupiga kelele, alituuliza tu, "Mnaenda na vyombo vya nani?" Sijawahi kusikia swali zuri kuliko hilo katika kazi hii.

Kwa hiyo ushauri wangu: kila mtu amiliki anachokipiga. Mpiga gitaa awe na gitaa, pedali na waya zake. Amplifaya na spika kodini mpaka mtakapoweza kununua. Shida hubaki kwenye dramu, kwa sababu ni ghali, ni kubwa, na mpiga dramu mara nyingi ndiye asiye na hela kuliko wote. Mkichanga kununua dramu, andikeni nani katoa ngapi, na ikitokea mmevunjika nani anabaki nazo na atawalipa wenzake vipi. Mtaona aibu kuliandika hilo mkiwa bado mnapendana. Andikeni hivyo hivyo.

Mazoezi tufanyie wapi bila kugombana na majirani?

Mchana, chumba kisicho na dirisha la barabarani, trei za mayai ukutani na magodoro mabovu mlangoni. Trei hazizuii sauti kutoka, zinapunguza mwangwi tu, ila majirani wakiziona wanaamini mmejitahidi. Mjulisheni mjumbe wa nyumba kumi mapema. Saa mbili usiku zimeni.

Tupige kopi au nyimbo zetu?

Kopi zitakulisha, zako zitakutambulisha. Anzeni na saa nzima ya kopi mlizozijua vizuri, mchomeke zenu tatu katikati wakati watu wameshapata kinywaji cha pili. Na imbeni Kiswahili. Najua wapo wanaosema rock haikai kwenye Kiswahili kwa sababu maneno yetu ni marefu. Maneno marefu ndiyo yanayokupa nafasi ya kuvuta sauti. Wasikilize waimbaji wa dansi wanavyolikalia neno moja baa mbili nzima za mapigo, halafu uniambie kama mwimbaji yeyote wa rock hangewaonea wivu.

Pesa tugawane vipi?

Sawasawa, baada ya kutoa gharama. Usafiri, chakula, kodi ya mitambo, na fungu la bendi kwanza. Kinachobaki kila mtu sawa na mwenzake, hata mpiga dramu aliyejiunga mwezi jana. Hela za kutuzwa jukwaani nazo zinaingia kwenye kapu. Najua mwimbaji atasema amewekewa yeye kwenye paji la uso. Mwambie paji hilo lilikuwa limesimama mbele ya besi ya mtu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari, anayelishika asiwe yule anayeshika hela.

Kuna vibali?

Ndiyo. BASATA kwa ajili ya kujisajili kama wasanii, COSOTA kwa ajili ya nyimbo zenu, BRELA kwa jina la biashara. Mamlaka ya mazingira nayo ina kanuni za kelele, ingawa hizo humkaba mwenye ukumbi kabla yako. Masharti na ada hubadilika, ulizeni wenyewe ofisini, msimtume mtu wa mtaani.

Jina la bendi ni la nani?

La aliyelisajili. Jibu linauma, ila ndilo. Ikiwa mmoja wenu alikwenda BRELA peke yake akaandika jina lake peke yake, mmempa bendi. Andikeni majina yote, au anzisheni kampuni mgawane hisa. Msipoandika chochote na mkawa mnafanya biashara pamoja na kugawana faida, sheria inaweza kuwahesabu kuwa wabia hata kama hamjawahi kulisikia neno hilo; mambo ya ubia yamo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Wakubwa wa rock wa Uingereza nao waliumwa na nyoka huyu. Roger Waters alipoondoka Pink Floyd mwaka 1985 aliamini bendi imekwisha kwa kuwa yeye ametoka. Akaenda mahakamani mwaka uliofuata kuwazuia wenzake kutumia jina. Mwishowe wakaafikiana, na jina likabaki kwa David Gilmour na Nick Mason. The Beatles walitengana mwaka 1970, lakini ubia wao kisheria ulivunjwa Januari 1975. Bendi ilishazikwa, makaratasi yalikuwa bado yanapumua.

Kiongozi ni lazima?

Lazima. Bendi isiyo na kiongozi ina viongozi watano. Asiwe mwimbaji kama mnaweza kuepuka.

Kwa nini bendi zinavunjika?

Watu wanadhani ni wanawake na pombe. Kwa niliyoyaona, hivyo huja mwishoni, kama nzi, wakati kidonda kimeshakuwepo.

Sababu ya kwanza ni mmoja kusikika kuliko wengine. Mbaraka Mwinshehe alikuwa ndiye sauti na gitaa la Morogoro Jazz. Mwaka 1973 aliondoka akaanzisha Super Volcano, na watu wakamfuata yeye, hawakulifuata jina. Siku hizi linatokea haraka zaidi. Yamoto Band walikuwa vijana wanne: Aslay, Beka Flavour, Enock Bella na huyu tunayemwita sasa Mbosso. Walipendwa nchi nzima, na ndani ya miaka michache kila mmoja akawa kivyake. Sauti nne nzuri kwenye kundi moja ni neema, ila pia ni nyimbo nne za peke yako zinazosubiri kuzaliwa.

Sababu ya pili ni tajiri mwingine mwenye dau. Hii ndiyo iliyolisha na kuliua dansi kwa pamoja. Wanamuziki walihama kama wachezaji wa Simba na Yanga, na mashabiki waliwangoja kama wanavyongoja usajili.

Sababu ya tatu ni maisha tu. Mmoja anapata kazi Dodoma, mwingine anaoa, mwingine anapata mtoto asiyelala. Mazoezi ya Jumanne yanakuwa ya Jumanne moja kati ya tatu. Hakuna aliyegombana na mtu. Siku moja unagundua mara ya mwisho mlipiga pamoja ni miezi saba iliyopita, na hakuna aliyeisema kwa sauti.

Ya kwenu ilivunjikaje?

Mwaka 2011, hela ya shoo moja. Tulipiga kwenye sherehe ya kampuni Mbezi Beach, hela ikachukuliwa na mwimbaji usiku ule, na mgawanyo ukasogezwa Jumatatu. Jumatatu ikawa Alhamisi. Alhamisi mpiga besi akatuma ujumbe mrefu. Mimi nikajibu mfupi zaidi kuliko nilivyotakiwa. Daftari hatukuwa nalo, kwa hiyo kila mtu alikuwa na hesabu yake kichwani, na zote zilikuwa sahihi.

Mpiga dramu hakusema kitu. Alikuja na bajaji mchana akabeba ngoma ndogo zilizokuwa zake mwenyewe, akaacha ngoma zilizobaki kwa sababu zilikuwa za kuchanga. Zilikaa kwangu miaka kumi na miwili. Mwanangu wa kwanza alijifunza kusimama kwa kuishika ile ngoma kubwa.

Mwenzetu amehamia bendi nyingine. Ni msaliti?

Ana njaa. Muhidin Gurumo alikuwa NUTA, akahamia Mlimani Park, akahamia Safari Sound, na baadaye akarudi alikoanzia, kwa Msondo, akapiga hapo mpaka alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Hassan Rehani Bitchuka amevuka kati ya Msondo na Sikinde zaidi ya mara moja, na kila upande ulimpokea. Kama wale wangenuniana kila mtu alipohama, tusingekuwa na dansi. Mkishamwita msaliti mbele za watu, mmefunga mlango ambao mtakuja kuutafuta ufunguo wake.

Jambo moja tu mdai: amalize shoo ambazo ahadi zake zilitolewa naye akiwemo.

Anaruhusiwa kuimba nyimbo zetu huko alikokwenda?

Swali sahihi ni nani alizitunga. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, haki inaanza kwa mtunzi, si kwa bendi wala kwa aliyeimba. Haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kama mlitunga pamoja miaka hiyo inahesabiwa tangu kufariki kwa wa mwisho wenu. Sheria hiyo ni ya Bara. Zanzibar wana yao.

Sasa kwenye bendi ya rock wimbo huzaliwa mazoezini. Mmoja anakuja na maneno, mwingine anapata ule mpigo wa gitaa unaorudiarudia ambao ndio watu wanaoutambua, mpiga besi anaunganisha. Miaka kumi baadaye kila mtu anakumbuka kwamba ni yeye. Dawa ni kuandika siku ileile wimbo unapokamilika: nani alileta nini, na asilimia ngapi. Halafu mkausajili COSOTA kwa majina hayo. Sisi tuna wimbo mmoja ambao hadi leo kwenye karatasi tumeandika "wote", kwa sababu kulibishania kungetugharimu bendi mara ya pili.

Bendi imevunjika leo. Nifanye nini kwanza?

Usiandike chochote mtandaoni kwa wiki mbili. Gawaneni hela iliyopo. Pigeni nakala za rekodi zote, kila mtu abaki na nakala yake. Hii watu huisahau, na mwenye kompyuta akiibiwa mmepoteza miaka yenu yote. Walioshalipia shoo zenu warudishieni au watafutieni bendi nyingine.

Kwa nini bendi zinarudiana? Si hela tu?

Hela ipo, tusidanganyane. Eagles walivunjika mwaka 1980 wakiwa wamechokana kabisa, na mmoja wao akasema watapiga tena pamoja siku jehanamu itakapoganda. Mwaka 1994 waliporudi waliiita ziara hiyo kwa maneno hayohayo. Oasis walisambaratika Paris Agosti 2009 baada ya ndugu wawili kugombana nyuma ya jukwaa, dakika chache kabla ya kupanda. Wakarudi Julai 2025 wakianzia Cardiff, na tiketi zikawa vita. Hakuna anayeweza kuniambia hapo hela haikuongea.

Lakini njoo kwetu. Hakuna mtu atakayenilipa mimi hela ya kunisahaulisha ugomvi. Bendi ndogo za Dar zinarudiana kwa sababu mtu amefika miaka arobaini na kitu, ana kazi, ana kiwanja Chanika, na amegundua kwamba hakuna tena mahali anapopiga kitu kwa nguvu zote na watu wanne wengine wakaanguka pamoja naye kwenye pigo moja. Hiyo haiuzwi. Unaikumbuka kwenye foleni ya Ubungo na unaona aibu.

Nyie mlirudianaje?

Mwaka 2023 mama yake mpiga besi alifariki. Tulikwenda wote, kila mtu kivyake, kila mtu akidhani wengine hawatakuja. Siku ya kwanza tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai tukiongea mambo ya mpira. Siku ya pili tukapangwa kamati moja, ya chakula, kwa sababu mjomba wa marehemu aliuliza, "Hawa si ndio wale wa bendi? Wakae pamoja." Tukaenda Temeke Sterio kununua mchele. Kwenye gari, mpiga dramu ambaye hakusema kitu mwaka 2011 akauliza, "Hivi ile hela ilikuwa shilingi ngapi?"

Mwimbaji akasema laki nne. Mimi nakumbuka laki sita. Mpiga besi tulipomuuliza baadaye, baada ya arobaini, hakumbuki kabisa kama shoo ile ilikuwepo. Tukacheka mpaka tukawa tunalia, na wengine pale walikuwa wanalia kwa sababu zao.

Hatukurudi kupiga siku ile. Tulikutana mara tatu bila vyombo. Mara ya kwanza kila mtu alisema lililomkera, bila kujibiwa. Mara ya pili tulizungumza hela na jina, tukaandika. Mara ya tatu tukapanga siku za mazoezi ambazo mwenye watoto na mwenye zamu za usiku wote wanaziweza. Ndipo mpiga dramu akaja kuzifuata zile ngoma kwangu. Mwanangu alimsaidia kubeba.

Lazima tumalize ugomvi wa zamani kwanza?

Uongeeni. Kuumaliza si lazima. Pink Floyd walipopanda jukwaa la Live 8 pale Hyde Park mwaka 2005, Waters akiwa pamoja nao tena, walikuwa na nyimbo chache na usiku mmoja. Walipatana kwa usiku huo, na ikatosha. Jiulizeni mnachotaka ni usiku mmoja au ni bendi. Usiku mmoja hauhitaji tiba yote hiyo.

Mmoja wetu alishafariki. Tuweke nani?

Hapa mimi nakwenda polepole. Led Zeppelin walisimamisha bendi Desemba 1980, baada ya kifo cha mpiga dramu wao John Bonham. Walipokubali kupiga onyesho zima London mwaka 2007, aliyekaa kwenye dramu alikuwa mtoto wake, Jason. Zambia kuna WITCH, wakali wa Zamrock, yaani rock ya Zambia ya miaka ya 1970. Kati ya waanzilishi wao amebaki mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, naye amezunguka dunia na vijana aliowazidi miaka mingi, akipiga nyimbo zilezile. Msondo na Sikinde wamezika waimbaji wengi na bado wanapiga.

Kwa hiyo inawezekana. Ongea na familia kwanza, na kama kuna nyimbo alizotunga, warithi wake wana haki yao kwenye hizo nyimbo. Si hisani yenu. Na huyo mpya msimwambie kila siku, "Marehemu alikuwa anaipiga hivi." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini ifungueni mapema.

Mazoezi mangapi kabla ya shoo ya kurudi?

Sisi tulifanya kumi na nne. Matano ya mwanzo yalikuwa ya aibu. Vidole vinakumbuka, nguvu ndiyo haipo. Mpiga dramu alikuwa anaishiwa pumzi wimbo wa tatu, ikabidi aanze kukimbia asubuhi Coco Beach.

Sauti ya mwimbaji imeshuka. Tuseme?

Shusheni ufunguo wa wimbo nusu toni au toni nzima na msimwambie mtu. Gitaa likishuka kidogo rock inapendeza zaidi.

Watu watataka nyimbo mpya au za zamani?

Za zamani. Tunga mpya kwa ajili yenu wenyewe, la sivyo mtakuwa bendi ya zilipendwa mkiwa bado mna meno. Mbili mpya kwa kila shoo zinavumilika. Ya tatu watakwenda chooni.

Naweza kujiunga na bendi yenu?

Magitaa yapo mawili, mwimbaji yupo, besi ipo. Mpiga dramu amepata uhamisho wa kikazi kwenda Tanga kuanzia Januari na anasema atakuwa anakuja kila wiki ya pili. Kama unapiga dramu na una gari la kubebea, uliza pale Nafasi kwa yule mwenye gitaa jekundu lililopigwa gundi.